Injini Inamisi, Fundi Anasema Imekufa: Je, Nibadilishe?

Ndugu Mshauri,

Salamu. Ninamiliki gari aina ya Subaru Impreza WRX la mwaka 2002, lenye injini ya EJ20 ya tabo (kifaa kinachosukuma hewa zaidi ndani ya injini), ambalo nililinunua miaka 3 iliyopita kutoka kwa mtu aliyelipenda zaidi kwa kasi yake kuliko kwa matunzo yake. Sasa limetembea kilomita 186,000. Yeye ndiye aliyeweka kichujio cha hewa cha wazi badala ya lile boksi la kiwandani, na pia valvu inayotoa sauti ya kupumua kwa nguvu kila ninapoachia pedeli ili kubadilisha gia.

Tatizo lilianza polepole miezi 7 iliyopita. Injini ikishapata moto na gari likiwa limesimama, inatetemeka na muungurumo wake haulingani, kana kwamba silinda moja inalala na kuamka. Nikiwa safarini kwa mwendo wa wastani gari linatulia na ninaweza kusahau kabisa kwamba lina kasoro. Lakini nikikanyaga mafuta kwa nguvu, tabo ikianza kusukuma, injini inashtuka, inakata nguvu na kutoa moshi mweusi nyuma. Taa ya injini huwaka, na mara 2 ilimweka nikipanda mlima. Pia ninalazimika kuongeza karibu lita 1 ya oili kila kilomita 1,500, na asubuhi moja moja hutoka moshi wa bluu kidogo ninapowasha, kisha unapotea.

Mashine ya kusomea gari ilitoa namba P0171, P0300 na P0303. Kwa kuwa nilielezwa kwamba P0171 maana yake ni petroli kupungua kwenye mchanganyiko, nilibadilisha sensa ya hewa, kisha sensa ya oksijeni, kisha pampu ya petroli. Kwa ajili ya P0303, inayosema silinda ya 3 inamisi, nilinunua plagi 4 na koili 4. Hakuna kilichosaidia, na nadhani baada ya kubadilisha sensa ya hewa hali ilizidi kuwa mbaya. Nina kifaa kidogo kinachoonyesha takwimu kwenye simu, na nimeona kwamba masahihisho ya petroli ya muda mrefu yanafika asilimia 19 juu gari likiwa limesimama, lakini nikishikilia injini kwenye mizunguko 3,000 yanashuka hadi asilimia 5. Sijui hilo lina maana gani.

Fundi wangu aliisikiliza injini, akatazama moshi, akasema imechoka na dawa yake ni kuweka injini nyingine iliyotumika. Ninalipenda gari hili na sitaki kuliua kwa ubishi, wala sitaki kutupa injini nzima kwa kosa ambalo halijathibitishwa. Naomba uniambie kama fundi yuko sahihi, na kama siyo, nianzie wapi.

Mpenzi wa Gari la Zamani

JIBU

Ndugu yangu Mpenzi wa Gari la Zamani,

Nashukuru kwa barua yenye maelezo kamili, hasa zile takwimu 2 za masahihisho ya petroli ambazo umeziandika ukidhani hazina kazi. Hizo ndizo zinazonifanya nikuombe usinunue injini kwa sasa. Sisemi kwamba fundi wako amekosea, kwa maana inawezekana injini yako ina jeraha la ndani. Ninachosema ni kwamba hadi leo hakuna mtu aliyeipima. Imesikilizwa, imetazamwa na imebadilishiwa vifaa, na katika injini ya tabo yenye umri huo hayo matatu hayatoshi hata kidogo kuihukumu.

Tuanze na maana ya takwimu zako. Kompyuta ya gari huipima hewa kwa sensa iliyo karibu na kichujio, kisha inatoa petroli inayolingana na hewa hiyo. Sensa ya oksijeni iliyo kwenye njia ya moshi huiarifu kama ilikosea, nayo inajisahihisha kwa kuongeza au kupunguza. Masahihisho ya asilimia 19 juu yanamaanisha kwamba kuna hewa inayoingia kwenye silinda bila kupita kwenye sensa, au petroli haifiki kama ilivyoagizwa. Kama shida ingekuwa pampu dhaifu au kichujio cha petroli kilichoziba, ukosefu ungeongezeka kadiri injini inavyohitaji petroli zaidi, yaani ungekuwa mkubwa kwenye mizunguko 3,000 na kwenye mzigo. Kwako ni kinyume. Ukosefu ni mkubwa injini ikinguruma taratibu, wakati mvuto ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayogawa hewa kwa silinda, ni mkali na hewa inayohitajika ni kidogo, hivyo tundu dogo tu linatosha kuharibu hesabu nzima. Mizunguko ikipanda, hewa inayopita njia halali inakuwa nyingi mno kiasi kwamba ile ya wizi haionekani.

Sasa uunganishe jambo hilo na moshi mweusi, ambao ni dalili ya petroli kuzidi. Watu wengi huchanganyikiwa hapa na kuamini kwamba gari lina magonjwa 2 tofauti, la petroli kupungua na la petroli kuzidi, kisha wananunua sensa moja baada ya nyingine. Katika injini isiyo na tabo ningechanganyikiwa nao. Katika injini ya tabo, tundu lililo baada ya throto, yaani mlango wa hewa unaofunguliwa na pedeli, hufanya kazi pande zote 2: gari likiwa limesimama linavuta hewa ya nje ambayo haikupimwa, na tabo ikisukuma, tundu lile lile linatoa nje hewa ambayo tayari ilipimwa na kuagiziwa petroli. Matokeo ni petroli pungufu ukiwa umesimama na petroli nyingi ukikanyaga. Tundu lingekuwa kati ya sensa ya hewa na tabo, ungeona upungufu kila wakati, kwa sababu sehemu hiyo huvuta tu na haisukumi kamwe. Lingekuwa kwenye mipira ya kipozea hewa, kati ya tabo na throto, ungeona zaidi moshi mweusi na ukosefu wa nguvu, lakini injini ingetulia vizuri ikiwa imesimama. Dalili zako zinaelekeza kwenye manifoldi na kila kinachoshikana nayo.

Kwamba ni silinda ya 3 hasa inayomisi kunanipa neno jingine. Katika injini hii silinda za 1 na 3 ziko upande wa kulia unapokuwa umeketi ndani ya gari, na za 2 na 4 ziko kushoto. Ya 3 ndiyo ya nyuma kulia. Gasketi ya manifoldi iliyokauka upande huo, au mpira wa injekta ya silinda hiyo uliogeuka mgumu kama plastiki, unaweza kuinyima silinda moja mchanganyiko sahihi huku nyingine 3 zikiendelea kuishi. Na hapa ndipo penye hatari ninayotaka uielewe: sensa ya oksijeni inasoma wastani wa moshi wa silinda kadhaa kwa pamoja. Kompyuta ikiongeza petroli kwa ajili ya wastani huo, silinda nyingine zinapata nyingi mno, na ile ya 3 bado inaweza kuwa na upungufu peke yake. Silinda yenye upungufu chini ya presha ya tabo hupata mlipuko usio wa wakati wake, na mlipuko huo ndio unaovunja kingo za pistoni zinazoshikilia ringi. Kwa hiyo, kuanzia leo usikanyage hadi tabo isukume, na taa ya injini ikimweka, achia pedeli na upunguze mwendo mara moja, kwa sababu kumweka kunamaanisha petroli isiyoungua inaingia kwenye katalitiki, yaani kisafisha moshi, na kuichoma. Kama unaweza kuliacha gari lipumzike kabisa mpaka lipimwe, ni bora zaidi.

Kazi ya kwanza ni kurudisha gari katika hali ambayo kompyuta yake inaifahamu. Safisha ile sensa ya hewa ya kiwandani, kama bado unayo, kwa dawa ya kupuliza iliyotengenezwa kwa ajili ya sensa hizo bila kuugusa uzi wake, kisha uirudishe. Umesema hali ilizidi baada ya kuweka mpya, nami nakuamini, kwa maana sensa ya kuiga huweza kutoa kipimo tofauti na kuongeza kosa la pili juu ya lile la kwanza. Kama unaweza kupata boksi la hewa la kiwandani, lirudishe nalo, kwani kichujio cha wazi hubadilisha jinsi hewa inavyopita mbele ya uzi wa sensa, na vile vinavyopakwa oili huuchafua. Ile valvu ya kupumua iondoe. Najua sauti yake inapendwa, lakini katika gari linalopima hewa kwa sensa ya aina hii, kila inapotoa hewa nje inatupa hewa ambayo imeshaagiziwa petroli, ndiyo maana kunakuwa na mshtuko na moshi mweusi kati ya gia na gia. Ya kiwandani huirudisha hewa hiyo nyuma, kabla ya tabo, na hesabu inabaki sawa.

Baada ya hapo tafuta tundu, na ulitafute kwa presha. Wapo mafundi wanaopulizia dawa ya kusafishia kabureta huku na kule injini ikiwa inanguruma, wakisikiliza mabadiliko. Katika injini hii tabo na mabomba ya moshi yana moto mkali karibu na manifoldi, na nimeshaona moto ukiwaka kwa njia hiyo, kwa hiyo nakataa kabisa kuipendekeza. Njia salama ni mashine ya moshi, au, kama haipo, kifuniko kinachobanwa kwenye mdomo wa bomba linaloingiza hewa kwenye tabo, chenye sehemu ya kuunganisha kompresa. Injini ikiwa imezimwa na imepoa, ziba mipira ya kupumulia ya injini inayoingia kwenye bomba hilo ili usijaze presha kwenye karta (sehemu ya chini ya injini yenye oili) na kusukuma sili za oili, kisha ongeza hewa taratibu, ukianza na nusu ya bar na usizidi bar 1. Pulizia maji ya sabuni kwenye gasketi za manifoldi, kwenye shingo za injekta, kwenye mpira unaokwenda kwenye servo ya breki, kwenye vipira vidogo vya mvuto na kwenye viungo vyote vya kipozea hewa. Hewa kidogo itapita kwenye valvu iliyo wazi na kwenye ringi, hilo ni la kawaida. Unachotafuta ni mapovu.

Usisahau bomba lenyewe linaloingiza hewa kwenye tabo. Katika magari haya limetengenezwa kwa mpira, linapita chini ya manifoldi mahali ambapo macho hayafiki, na likishakuwa na miaka 20 hupasuka hata kwa kuguswa. Miaka mingi iliyopita nilimshauri mwenye gari kama lako afungue injini kwa dalili zisizo mbali sana na zako. Tulipokuwa tunairudishia manifoldi ndipo tulipoliona bomba hilo limechanika upande wa chini kwa urefu wa kidole. Silinda zilikuwa nzima. Yule bwana alikuwa amegharamika kwa neno langu, na tangu siku hiyo sijamwambia mtu yeyote afungue injini kabla ya kipimo cha presha.

Kuhusu oili, nina dhana inayoweza kuunganisha mambo yako yote. Kuna valvu ndogo ya upumuaji wa injini inayopeleka mvuke wa karta kwenye manifoldi. Kazi yake ni kufunguka injini ikivuta na kujifunga tabo ikisukuma. Ikikwama wazi, presha ya tabo inaingia kwenye karta, na karta yenye presha inazuia oili ya tabo isishuke vizuri, inaisukuma kupita kwenye sili zake na kuingia kwenye njia ya hewa. Na mipira yake iliyopasuka ni tundu la hewa kama matundu mengine tuliyoyataja. Ichomoe, uitikise, na upulize pande zote 2. Inapaswa kupitisha hewa kutoka upande wa injini kwenda upande wa manifoldi tu. Ukikuta oili imejaa ndani ya kipozea hewa, dhana yangu inapata nguvu. Ule moshi wa bluu wa asubuhi usikutishe sana, kwa sababu silinda za injini hii zimelala ubavu, na oili kidogo kutulia ndani yake usiku si ajabu. Ungeniambia kwamba moshi wa bluu unatoka mfululizo ukiwa unakanyaga, ningezungumza kwa sauti nyingine. Hata hivyo, pima oili kila unapojaza petroli, gari likiwa mahali palipo sawa, kwani pengo kati ya alama ya chini na ya juu ni karibu lita 1 tu, na injini nyingi za aina hii zimeua beringi za konrodi kwa sababu mwenyewe alisubiri taa ya oili imwambie.

Sasa tuje kwenye hukumu yenyewe, yaani kompresheni, nguvu ya kila silinda kubana hewa. Kipimo hiki kifanyike hata kama tundu litapatikana, kwa sababu miezi 7 ya kumisi chini ya presha inaweza kuwa imeacha alama. Injini iwe na moto, betri iwe na nguvu, plagi zote 4 zitolewe, injekta na koili zichomolewe umeme, na throto ishikiliwe wazi kabisa huku starta ikizungusha hadi sindano ya geji iache kupanda. Simama hapo na uandike namba 4 kwa mkono wako. Nasema zote 4 kwa kusudi: plagi za injini hii ziko ubavuni, na ile ya silinda ya 4, nyuma kushoto, ni taabu kuifikia bila kuondoa betri na kopo la maji ya kioo, hivyo baadhi ya mafundi hupima zilizo rahisi na kukisia iliyobaki. Ile ya 4 ndiyo inayojulikana kwa kuvunja pistoni mapema zaidi.

Namba zikikaribiana, tuseme 10.1, 9.9, 9.7 na 10.0 kwa bar, injini yako haijafa, hata kama geji nyingine ingezisoma zote chini kidogo. Moja ikiachwa nyuma kwa zaidi ya sehemu ya kumi, fanya kipimo cha kuvuja: pistoni iwekwe juu kabisa kwenye mpigo wa kubana, hewa ya kompresa iingizwe kupitia tundu la plagi, na usikilize inakotokea. Ikisikika kwenye mdomo wa kuingizia oili, ringi au pistoni ina jeraha. Kwenye bomba la moshi, ni valvu ya kutolea. Kwenye throto, ni valvu ya kuingizia. Mapovu kwenye redieta ni gasketi ya silinda hedi. Fundi akitaka kumwaga kijiko cha oili ndani ya silinda ili aone kama kompresheni itapanda, mweleze kwa heshima kwamba njia hiyo inafaa injini iliyosimama wima. Katika hii oili inatulia upande mmoja wa silinda na jibu lake halitegemeki. Zikiwa chini silinda 2 za upande mmoja, kagua kwanza alama za belti ya taimingi kabla ya kufikiria lolote jingine. Hukutaja ilibadilishwa lini, na kama hujui, ibadilishe pamoja na roli zake, kikazaji na pampu ya maji, kwa sababu ikikatika katika injini hii valvu zinagongana na pistoni.

Kabla ya kupima, hamisha koili ya silinda ya 3 uipeleke ya 1, ufute kumbukumbu ya kompyuta, na uone kama P0303 itageuka P0301. Ikihama, ni koili, mpya au si mpya. Isipohama, fanya hivyo kwa plagi, kisha kwa injekta. Ni kazi isiyokugharimu kitu, na ingekuokoa kununua koili 3 kati ya zile 4.

Kuhusu injini iliyotumika, niseme wazi kwa nini siipendi. Ina umri uleule, historia yake huijui, na mafundi wengi wakiiweka huhamishia juu yake manifoldi ya zamani, mipira ya zamani, sensa za zamani na lile bomba la tabo. Kosa lako linaweza kuhama nalo, ukajikuta na injini nyingine inayomisi vilevile. Ikiwa kipimo kitathibitisha kwamba pistoni imevunjika, afadhali sehemu ya chini ya injini yako ifunguliwe, ipimwe na kujengwa upya, huku bomba la kufyonzea oili likibadilishwa kwa kuwa huweza kupasuka, na njia za oili za tabo zikisafishwa. Na ukifungua kichujio cha oili ukakuta chembe zinazometa, hasa zenye rangi ya shaba, au ukasikia mlio mzito wa kugonga kutoka chini unaopanda na mizunguko, usiiwashe tena hata kwa kuipeleka gereji, ivutwe.

Niandikie ukishapata namba zile 4 pamoja na mahali ulipoona mapovu, nawe uniambie pia masahihisho ya petroli yanasomaje siku 2 baada ya kuziba tundu, ukiwa umesimama na kwenye mizunguko 3,000. Yakirudi ndani ya asilimia 5 kila upande na silinda ya 3 ikatulia, anza kulipandisha gari taratibu hadi tabo isukume, huku ukitazama takwimu.

Mshauri wako